Kauli ya Kutendeka

Miaka kumi na tisa nilisimama mbele ya ubao
nikifundisha vitenzi kuvua nguo na kuvaa:
vunja, vunjwa, vunjika.
Mtoto mmoja akauliza, vunjwa na vunjika zatofautianaje.
Nikasema: kwenye vunjwa kuna mtu mlangoni,
hata kama hujamwona uso.
Kwenye vunjika hakuna mtu.
Kikombe chenyewe kimeamua.
Walicheka. Nilipenda wakicheka.

Kisha mshahara ukanishinda,
au, niseme sawasawa, niliuacha ubao nikafuata mshahara,
nikawa karani wa kampuni ya ujenzi, Ganjoni:
meza ya chuma,
pangaboi lenye bawa lililopinda,
na muhuri.

Ukuta wa Tononoka uliinuliwa mwezi wa Rajabu.
Shaabani haijaisha, ulikuwa chini,
na chini yake Lali, mwana wa Tima Shee,
aliyetumwa ndimu mbili na bizari.

Mkurugenzi akaniita. "Wewe ndiwe mwenye Kiswahili.
Tuandikie kitu cha heshima."
Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika vizuri.
*Ukuta uliporomoka. Maisha yalipotea.
Masikitiko yametufika.*
Sentensi tatu, na hamna mtu ndani yake.
Ungezipita usiku na taa mkononi
usikute hata kandambili kizingitini.

Baada ya arubaini Tima Shee alikuja,
barua ameifunga pindoni mwa leso.
"Nisomee, mato yangu yana ukungu."
Nikamsomea.
"Uliporomoka," akarudia, polepole,
kama anayechambua mtele.
"Na alouporomosha ni nani?"

Silabi moja.
Aliondoa *ka*, akatia *sha*,
na yeye hakukaa darasani mwangu hata siku moja.

"Sijui, mama," nikasema.
Huo ulikuwa uongo uliokamilika kisarufi,
kiima chake mimi.

Kwani lile lori la usiku nililipokea mimi.
Mchanga haukuwa wa mtoni. Nilitia chembe ulimini:
chumvi, na kipande cha kombe chembamba kama kucha ya mtoto.
Dereva alicheka, akasema bahari haina risiti.
Nikachukua muhuri.
*Mchanga umepokelewa.*

Umepokelewa.
Kwa somo langu mwenyewe, kuna mtu mlangoni.
Uso wake naujua.
Naunyoa kila asubuhi.

Usiku huo nilikaa na karatasi tupu
mpaka adhana ya alfajiri ya msikiti wa pili
(ya kwanza ilinipita, nilikuwa nimekwama kwenye *Ni*).
Herufi mbili, na mkono mzito kama wa kuazima.
Niliupokea.
Niliuonja.
Nilinyamaza. Kumbe kunyamaza nako ni kitenzi,
hukinyambua upendavyo, humwondoi mtendaji.

Sikuandika "kwa bahati mbaya."
Niliandika, nikakata.
Sikuandika "kama wengine."
Hilo nalo niliandika, nikakata, karatasi ikatoboka.
La, niliitoboa.

Saa mbili nilikuwa kituo cha polisi cha Makupa,
nyuma ya mtu aliyeibiwa baiskeli
na mama aliyekuja kumtafuta mumewe.
Askari kijana, kola yake ingali na chaki ya pasi,
akasoma karatasi yangu mara moja, akairudia,
akatazama mlango wa mkubwa wake.
Akafungua kitabu cha matukio,
akaandika kwa hati nzuri ya mtu aliyewahi kusifiwa na mwalimu:

*Taarifa imepokelewa.*

"Na nani?" nikamuuliza.

Akafunika kalamu.
Mimi nikavuta kiti.